Kitambaa cha Mikono Miwili

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, tusidanganyane; tisini na mbili Hija bado alikuwa anaingia kiwandani zamu ya asubuhi akitokea nyumbani kwao Tandika. Ni tisini na tatu. Ndiyo, tisini na tatu, kwa sababu mwaka uliofuata ndipo televisheni zilipoanza kurusha picha huku bara, kila mwenye nayo akataka kitambaa cha kuifunika, na wakati huo Hija alishakuwa na jina. Haya yanayosimuliwa hapa ni ya kabla hajawa nalo.

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilikuwa kimeanza kupunguza watu. Neno lenyewe, kupunguzwa, lilikuwa bado jipya, na watu walilitaja kwa sauti ya chini kama wanavyotaja ugonjwa wa jirani. Hija alikuwa mkunja majora. Akapunguzwa pamoja na meza yake ya kukunjia, maana nayo ilitolewa nje siku hiyohiyo. Akarudi nyumbani kwa mkewe Tunu na mtoto wao Faraji, akakaa.

Sasa, kukaa kwa Hija hakukuwa kukaa bure. Asubuhi Tunu akishapeleka vitumbua vyake barazani, Hija alishusha pazia la chumba cha ndani, akajiegemeza kitandani, akatoa chini ya mto sindano ya kufumia, ile fupi ya chuma iliyopinda kichwa kama ndoana, na donge la uzi mweupe. Akafuma vitambaa. Vya kulaza juu ya mgongo wa kochi, vya mikono ya kochi, vya meza, vya redio, mpaka cha kuvisha chupa ya chai. Nyumba za mji huu zinajulikana. Mtu anaweza kuwa na kochi lililotoboka mpaka springi zinachungulia, lakini kitambaa juu yake lazima kiwe cheupe na kiwe kimepigwa wanga.

Ila kufuma ni kazi ya wanawake. Fundi cherehani mwanamume anakaa barazani mchana kweupe, anashona gauni la mtu mwingine kabisa, na hakuna anayemcheka. Sindano ya kufumia hapana. Kwa hiyo Hija alifuma nyuma ya pazia, na Tunu akauza, na mtaa mzima ukajua kwamba vile ni vitambaa vya Tunu.

Tunu mwenyewe alikuwa hajui hata kutengeneza kitanzi cha kwanza. Wenzake walipokuja na nyuzi zao ili awafundishe, alisema, "Mie sifumagi mbele za watu, naharibu." Wakaenda zao wakisema Tunu mchoyo wa ujuzi. Akiyasikia alicheka mpaka anashika ubavu, usiku akamhadithia mumewe. Hija naye alicheka, lakini kicheko chake hakikwenda mbali.

Maana kulikuwa na jambo. Kaka yake Tunu, Abdulrahman, mtu mnene mwenye huruma na sauti kubwa, alikuwa anafanya kazi kwenye maghala ya Kurasini. Akaja siku moja na habari.

"Shemeji, nimekutafutia ulinzi palepale kwetu. Sare ipo, buti zipo, rungu lipo. Unachotakiwa kuleta ni mwili tu."

"Ahsante sana, shemeji," akasema Hija.

"Ahsante siyo jibu. Mwisho wa mwezi bosi anataka kujua. Mwanamume hawezi kukaa ndani kama mzazi aliyefungwa mkaja, halafu mke ndiye anahangaika na vitambaa. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Wanasema wewe umeolewa." Abdulrahman akanywa chai yake yote, akamwonea huruma shemeji yake, akaondoka.

Hija hakuwa mvivu. Angeweza kulinda ghala. Lakini akiwaza kukaa getini na rungu, na mikono yake miwili haina la kufanya mpaka alfajiri, alijisikia mzito. Na akishika sindano yake alijisikia kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Kiwandani alikunja majora kwa miaka, hata jora moja halikuwa lake. Kitambaa alichokianza yeye, alikimaliza yeye, na ua la katikati aliliota yeye. Hilo hakumwambia shemeji. Angemwambiaje? Ndiyo maana jibu lilichelewa.

Nyuzi Tunu alizinunua kwa Karmali, kwenye duka lililokuwa njia ya kwenda Chang'ombe. Karmali mwenyewe alikaa mbele, anapima elastiki na utepe kwa futi yake ya mbao, na mkewe Masuma alikaa ndani upande wa nyuzi. Masuma alizaliwa mji huuhuu, na mama yake kabla yake, na Kiswahili chake kilikuwa kinapita hata cha baadhi ya Waswahili. Vitambaa vya Tunu vilikuwa vinauzwa palepale dukani kwake, vimetundikwa kwa vibanio. Siku moja akamwita Tunu ndani ya kaunta, akafungua bati la biskuti.

"Tunu, njoo uone. Hiki cha mama yangu."

Kilikuwa kitambaa cha meza cha duara, kile kinachoanzia katikati na kuongezeka mzunguko kwa mzunguko. Kilikuwa kimefika nusu. Kitanzi cha mwisho kilikuwa kimebanwa kwa pini ya kanga ili kisifumuke, na pembeni kulikuwa na madonge ya uzi uleule, yamegeuka rangi ya maziwa pamoja na kitambaa chenyewe.

"Mama Sakarbai alikianza kwa ajili ya harusi ya Najma wangu," Masuma akasema. "Najma alikuwa bado anatambaa. Mama akaugua, akakiacha hapa. Sasa Najma anaolewa Mfungo Tatu hii. Mie mwenyewe nafuma, lakini siwezi kukigusa hiki. Nikikishika nalia, nakirudisha. Wewe una mkono mzuri. Nimalizie."

Tunu alitakiwa kusema ngoja nikaulize. Badala yake alisema, "Usiwe na wasiwasi, Mama Najma. Hii ndiyo kazi ya mikono hii," akainyoosha mikono yake, ambayo ilikuwa inanuka nazi ya vitumbua.

"Ukikimaliza vizuri," Masuma akasema, "mashoga zangu wote wana mabinti. Utafuma mpaka uchoke."

Tunu akarudi nyumbani anatembea kama anapepea. Akamweka mumewe kitako, akamweleza yote. Kama kitambaa hiki kikipendeza, hakutakuwa na haja ya ulinzi tena. Kama kikiharibika, basi. Ni kitambaa cha marehemu, hakuna cha kununua kikakirudisha, na duka la Karmali ndilo mlango pekee waliokuwa nao.

Hija akaosha mikono kwa sabuni, akakitandaza kitambaa kitandani. Akakitazama muda mrefu. Sakarbai alikuwa fundi. Vitanzi vyake vilikuwa sawasawa kama meno ya kitana. Akatoa pini, akaingiza sindano kwenye kitanzi kile kilichokuwa kikisubiri miaka yote hiyo, akaanza.

Hapo ndipo alipoona.

Hija alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, kuandika aliandika kwa kulia, kupokea na kutoa ni kulia. Hayo yote alifunzwa, tena kwa vibao. Bibi yake, Bi Kidawa wa Mtoni, aliyemlea, alikuwa anaufunga ule mkono wa kushoto kwa kitambaa cha kanga kila wakitandika mkeka wa chakula, mpaka mkono ukajifunza adabu. Lakini kufuma alifuma kwa kushoto. Na mtu anayefuma kwa kushoto, mizunguko yake inakwenda upande mwingine. Sakarbai alifuma kama mahujaji wanavyotufu, wakiizunguka Kaaba kinyume cha saa. Hija alikwenda kama saa inavyokwenda. Alipounganisha mzunguko wake na wa marehemu, vitanzi vya huyu vikalalia huku na vya yule vikalalia kule, kama watu wawili wanaopishana njiani bila kusalimiana.

Hajawahi kuliona hilo kwa sababu hajawahi kumalizia kazi ya mtu mwingine. Akafumua. Akakigeuza kitambaa chini juu, akajaribu kwa nyuma. Mwendo ukawa mmoja, lakini mgongo wa vitanzi ukatokea mbele, ukakwaruza macho. Akafumua tena. Akahamishia sindano mkono wa kulia. Mkono ule ulioandika na kula miaka yote hiyo ukashika sindano kama unashika mkia wa nge. Vitanzi vikatoka kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

Tunu akachungulia. "Mbona unatoka jasho?"

"Njoo uone. Hapa bibi wa watu ameishia, hapa nimeanza mie. Unaona?"

Tunu akainama, akageuza shingo huku na huku. "Naona maua."

"Tazama yanavyolala."

"Baba Faraji, nani atakwenda harusini kutazama maua yanalalia wapi? Watu wanatazama pilau."

"Mama Najma anafuma. Ataona."

Hilo Tunu alikuwa hajalifikiria. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo unakirudisha?"

Hija akakitazama kitambaa. Kukirudisha ni kwenda kuchukua buti. Kukifuma kwa kulia ni kumpa binti wa watu kitambaa kibaya. "Nitakifuma ninavyojua," akasema. "Kikiwa kibaya kiwe kibaya kwa mwendo wangu, siyo kwa vitanzi vyangu." Akarudi kwenye sindano yake ya kushoto, na tangu hapo hakufumua tena. Alifanya kazi kwa wiki kadhaa, na kila ua aliliweka palepale ambapo Sakarbai angeliweka, kwa kutazama alikotoka na kukisia alikokuwa anakwenda. Mahali pengine alimsoma yule marehemu vizuri sana, hata akawa anamsemesha kimoyomoyo: hapa ulitaka kutoa petali, nimekuona.

Kilipokwisha, Tunu akakifua, akakitia wanga, akakipeleka. Masuma akakitandaza juu ya kaunta. Akasema mashallah. Kisha akaanza kukipapasa kwa kidole, kutoka katikati kwenda nje, kidole kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.

Akaagiza chai, akampa Tunu kikombe. Tunu akakipokea kwa mkono wa kulia, akanywa kwa kulia, akakiweka kwa kulia.

"Tunu," akasema Masuma, "hebu nikatie uzi huu."

Tunu akashika mkasi kwa kulia, akakata.

"Kitambaa hiki kimefumwa na mtu wa kushoto. Na vile vyote vilivyotundikwa pale, nimevitazama sasa hivi, ni vya mtu wa kushoto. Nani huyo?"

Tunu alikuwa mwepesi wa uongo mdogo mdogo, lakini mkubwa hakuuweza. "Ni baba Faraji," akasema, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Karmali, ambaye alikuwa anajifanya anapima utepe, akaacha kupima.

"Mumeo?" Masuma akauliza. "Yule mrefu anayekuja kubeba mzigo? Yule anafuma?"

"Anafumaga tangu mtoto."

Masuma akakikunja kitambaa bila kuonyesha kama amefurahi au amekasirika. "Kesho aje yeye mwenyewe. Na sindano yake."

Tunu alifika nyumbani analia, na bahati mbaya akamkuta Abdulrahman amekuja kuchukua jibu lake. Ikabidi aambiwe yote. Abdulrahman akamtazama shemeji yake, akautazama mto uliokuwa unaficha sindano, akatazama dari.

"Vitambaa vya kwa mama pale Keko," akasema hatimaye. "Vya kijani. Vile ni wewe?"

"Ni mie, shemeji."

"Nimevikalia miezi yote hii." Akafikiri kidogo. "Basi kesho nakwenda na wewe. Kama wanataka kukudai kitambaa cha marehemu, bora uwe na mtu."

Kesho yake walikwenda watatu. Hija alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa. Masuma akawakaribisha, akawatolea viti, akamtolea Hija kitambaa na donge dogo la uzi uliobaki.

"Shikamoo, Mama Najma," Hija akasema. "Kabla hujasema lolote. Mie niliona mapema kwamba mwendo haufanani. Nilijaribu namna zote. Kama unataka, nafumua yangu yote leo hapahapa, ya mama haitaguswa, na uzi wako nakurudishia."

"Sijakuita kufumua. Nimekuita nione. Fuma."

Akampa uzi. Hija akaupokea kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, akainama kidogo kwa heshima. Kisha akatoa sindano mfukoni, na hapo akasita. Hajawahi kuishika mbele ya mtu yeyote isipokuwa bibi yake na mkewe. Dukani kulikuwa na wateja wawili wamesimama. Shemeji yake yuko pembeni, kifua mbele. Hija akaihamishia sindano mkono wa kushoto, akaanza.

Ua la kwanza likatoka. Karmali akaja karibu na miwani yake ameipandisha juu ya paji. Mteja mmoja akamnong'oneza mwenzake, wote wakasogea. Hija hakuwaona tena. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Shemeji," Abdulrahman akanong'ona kwa ile sauti yake ambayo haijawahi kunong'ona, "mbona unakwenda mbio hivyo? Hutazami hata."

"Nikitazama sana nakosea."

Masuma akalitazama lile ua mpaka likaisha. Kisha akakitandaza tena kitambaa kile kikubwa, akaweka kidole palepale kilipokuwa kimesimama jana.

"Unajua usiku nimefikiri nini? Ungekuwa mtu wa kulia, kitambaa kingekuwa kimoja. Mie nisingejua tena mama ameishia wapi. Ningekipapasa nisimwone. Sasa namwona. Hapa ndani yote ni yeye. Hapa anamkabidhi mtu mwingine." Akapangusa jicho kwa kiganja. "Usifumue hata kitanzi kimoja. Najma atakwenda nacho hivihivi."

Karmali akakohoa, akarudi kwenye utepe wake.

"Lakini," Masuma akaendelea, na sasa alikuwa mwenye duka tena, "mambo ya kujificha basi. Mtu akitaka seti ya makochi anataka akae na fundi, wazungumze maua, wapime. Tunu anawakimbiza wateja, anasema anaharibu. Baraza lipo hapo nje, kivuli kipo. Njoo ukae."

Hija akamtazama mkewe, kisha shemeji yake. "Shemeji, jibu lako ulilolitaka," akasema. "Nadhani umelisikia."

"Nimelisikia," akasema Abdulrahman. "Sasa zile buti nimpe nani? Nilishachagua zinazokuenea."

Harusi ilipita, kitambaa kikakaa chini ya keki, na wanawake wengi wakakipapasa. Wiki iliyofuata Hija akatoa kiti barazani kwa Karmali. Siku za mwanzo hazikuwa nyepesi. Wachukuzi wa mikokoteni walipita wakiita, "Bi Hija, shikamoo," naye aliitikia, "Marahaba, mwanangu, mkokoteni wako hauna kitambaa," mpaka mmoja wao akaja kweli, kwa aibu, kuagiza vya posa yake. Baada ya hapo utani ukabaki, ila ukapoteza meno.

Kisha zikaja televisheni. Kuna mwanamke wa Tegeta, Farida, aliyeagiza kitambaa cha televisheni ambayo mumewe alikuwa bado hajainunua, akapima kwa kunyoosha mikono hewani. Televisheni ilipofika ilikuwa ndogo kama sanduku la sabuni, kitambaa kikaifunika mpaka miguuni kama bibi harusi. Hija akakipunguza bila kinyongo. Akafuma vya friji, vya simu za mezani, vya viti vya gari. Chumba na ukumbi vikapakwa chokaa, Faraji akaenda sekondari. Tunu hakujifunza kufuma hata siku moja. Alikuwa anapanga oda na kugombana na wacheleweshaji, na katika hilo alikuwa fundi kuliko mumewe. Abdulrahman kila akipita na mgeni alisimama barazani na kusema, "Mnamwona huyu? Alikataa ulinzi," kana kwamba yeye ndiye aliyemshauri.

Hija akiulizwa na watu alijifunzia wapi, alisema kwa bibi. Bi Kidawa alikuwa yaya kwa Wazungu wa Oysterbay zama zile, akatoka huko na ujuzi wa kufuma. Alipozeeka macho yakaingia ukungu, vitanzi vikampotea. Siku moja, Hija akiwa na miaka sita au saba, bibi alikaa ukutani na kitambaa mapajani, akashindwa, akainyoosha ile sindano mbele yake bila kusema neno. Mtoto akasahau. Akanyoosha mkono uliokuwa karibu, wa kushoto, akafumba macho kungoja kibao. Kibao hakikuja. Bibi aliiweka sindano katikati ya kiganja kile, akakikunja vidole kimoja kimoja juu yake, akasema, "Haya, nimalizie."

Hapo ndipo Hija hukwama. Alimuuliza mama yake, naye akasema bibi wakati ule alikuwa haoni kitu, usimsumbue marehemu. Alimuuliza shangazi yake wa Mbagala, shangazi akasema Bi Kidawa hakuwahi kukosa kuona mkono wa kushoto wa mtu, hata gizani. Alimuuliza Tunu, Tunu akasema, sasa mie nitajuaje, nilikuwepo? Mpaka leo, akiwa barazani, uzi ukimwishia na wateja wamekwenda kula, huigeuza sindano kiganjani mwake na kuuliza bila kumtazama mtu: siku ile bibi aliuona mkono niliomnyooshea, au hakuuona?